Boya Lililofungwa kwa Katani

Asheri Mbwambo aliteremka kutoka Suji siku ya Jumanne, amevaa koti lake la kanisani, na hata siku hiyo alikuwa bado hajalia.

Watu walikuwa wameliona hilo. Raheli, mkewe, alifariki Ijumaa kwa homa, katika nyumba ya serikali iliyo kando ya barabara kuu ya Same na Korogwe. Lori la shamba la mkonge likauchukua mwili mpaka chini ya mlima, na kutoka hapo vijana wa ukoo wakaupandisha mabegani hadi Suji, nyumbani kwa wazee. Jumamosi hawakuzika, kwa kuwa ilikuwa Sabato. Walizika Jumapili. Katika yote hayo Asheri alisimama pale alipotakiwa kusimama, akatupa udongo alipoambiwa atupe udongo, akawashukuru waliokuja kwa sauti ile ile aliyozoea kusomea matangazo ya kanisa. Jikoni wanawake wakanong'ona. Wengine walisema huo ndio ujasiri wa kiume, wengine wakasema ni ukavu wa roho. Yeye mwenyewe, kama angeulizwa, angesema kwamba ndani yake mlikuwa kama chumba kilichohamwa: kimefagiwa, kuta zipo, na hakuna hata kiti.

Kaka yake mkubwa, Melkizedeki, hakupenda ashuke.

"Matanga hayajaondolewa," alisema, amesimama mlangoni kama mtu anayezuia ng'ombe. "Mfiwa anawaacha waliokuja kumlilia, yeye anashika njia. Umeyaona wapi hayo?"

"Sijayaona popote, kaka. Lakini Asnath anakuja na basi la leo."

"Na aje. Njia ya kupanda huku anaijua tangu akibebwa mgongoni."

"Ataambiwa na nani?"

Telegramu aliipeleka Melkizedeki. Asnath, binti pekee wa Asheri, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Pangani, na telegramu iliyotoka posta ya Same ilisema: MAMA MGONJWA NJOO UPESI. Ndivyo watu walivyoandikiana. Hakuna aliyempasulia mwenzake msiba kwenye karatasi ya posta, asije mtu huyo akaanguka mbele ya karani asiyemjua hata jina. Asheri aliposomewa maneno hayo alitikisa kichwa tu kukubali. Lakini yeye alikuwa mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata mbele ya mabwana shauri wa enzi za mkoloni, na uongo ule mdogo, wa heri, ndio kitu pekee kilichomsumbua tangu Ijumaa. Haukumuuma. Ulimkera tu, mithili ya uzi uliobaki kwenye kola ya shati. Alitaka mtoto wake ausikie ukweli kutoka kinywani mwa baba yake, kabla hajaupata kwa konda wa basi au kwa mama muuza machungwa wa Makanya.

"Basi nenda," Melkizedeki alisema hatimaye. "Lakini uende na mwavuli. Unaona kule juu kulivyofunga?"

Mvua ilimkuta kabla hajafika katikati ya mteremko. Ilikuwa mvua ya mlimani, nene, isiyo na upepo, inayoshuka wima kama inamiminwa. Vijito vyote alivyoviruka vilikuwa vimebadilika rangi. Mtu mwingine angejificha chini ya mwamba akangoja ipungue. Asheri aliendelea kutembea, koti limemlowea mwilini, huku akili yake ikifanya hesabu yenyewe, bila kuombwa: maji haya yataingia Korongo la Mteke; korongo litayafikisha barabarani alasiri; na alasiri ndipo basi la Tanga hupita.

Hesabu hiyo haikumtia hofu. Mashine iliwekwa kwa ajili ya siku kama hizo.

Korongo la Mteke lilikuwa na tabia mbaya, na lilijulikana nayo barabara nzima. Karibu mwaka wote lilikuwa mchanga mtupu ambamo mbuzi walilala. Daraja halikujengwa hapo. Palikuwa na drifti, yaani sakafu ya zege iliyotandazwa kwenye mchanga ili magari yavuke. Mvua iliponyesha Suji, maji yalishuka na kuifunika drifti ile ghafla, wakati huku chini jua linawaka na mbingu ni nyeupe. Dereva mgeni hakuwa na habari. Aliingia kwa mwendo wake wa kawaida, na katikati ya korongo akakutana na ukuta wa maji mekundu uliobeba magogo. Miaka ile ya kwanza ya Uhuru lori moja la magunia lilichukuliwa hivyo pamoja na watu waliokaa juu ya mzigo, na baadhi yao hawakuonekana tena.

Ndipo serikali ilipoweka kituo cha hali ya hewa kando ya barabara, cha aina ambayo wilaya ile haikuwa nayo. Vyombo vyake vilifanya kazi pasipo mtu. Kulikuwa na kipimamvua kikubwa cha shaba, ambacho ndani yake kalamu nyembamba ilichora mstari juu ya karatasi iliyozungushwa polepole na saa. Kulikuwa na kibanda cheupe cha mbao, kuta zake zimepangwa vibao vya mshazari ili kipitishe hewa, na humo mlikaa vipimajoto. Kulikuwa na kipimaupepo chenye vikombe juu ya mlingoti. Na mbali kidogo, ukipanda ukingo wa korongo kwa mwendo wa kuimba nyimbo mbili za ibada, kulikuwa na chombo kilichowahusu watu wote: boya la bati, lenye ukubwa wa mtungi, lililoshikwa na mkono wa chuma kwenye nguzo. Siku za ukavu boya lililala juu ya mchanga. Maji yakija, huliinua. Mkono ukiinuka huunganisha umeme wa betri. Na taa mbili nyekundu huwaka barabarani, moja upande wa Same, nyingine upande wa Korogwe juu kabisa kabla ya kona, mahali ambapo dereva bado ana nafasi ya kushika breki. Maji yakipungua, boya hushuka, taa huzimika. Hakuna mtu anayegusa kitu.

Asheri ndiye aliyekuwa mtunza kituo. Alibadilisha karatasi, alijaza saa ufunguo, alitia betri maji, alipaka boya rangi lisipate kutu. Kazi hiyo aliifanya kama alivyofundishwa na wamisionari kufanya kila kazi, kwa mstari ulionyooka. Watu wa kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa pale kando ya barabara walipomuuliza vile vyombo ni vya nini, aliwajibu jibu moja: "Ni mali ya serikali. Vinajiendesha vyenyewe. Msiviguse." Hakuwaeleza zaidi, kwa kuwa hakuagizwa kueleza zaidi.

Alipofika tambarare jua lilimpokea usoni. Huku chini hapakuwa na dalili ya mvua. Mchanga wa korongo ulikuwa mkavu na vumbi la barabara lilipeperuka nyuma ya kila gari. Akaona watu wamekusanyika karibu na nyumba yake, wanaume na wanawake, majembe na mapanga yameegemezwa ukutani. Mbele yao alisimama Mzee Hamisi, mwenyekiti wa kijiji, Muha wa Kigoma aliyekuja zamani kukata mkonge akasahau kurudi. Pembeni yake alikuwa Hedwiga, mjane kutoka Njombe, jirani wa mlango kwa mlango wa marehemu.

"Baba Asnath!" Hedwiga alisema, akishika kichwa. "Umeshuka mapema hivi? Na umelowa! Huko mlimani kunanyesha?"

"Kunanyesha. Hamjambo?"

"Hatujambo. Pole, pole sana baba."

Wote wakampa pole, mmoja mmoja, na yeye akaupokea kila mkono. Kisha Mzee Hamisi akakohoa, akajiweka sawa kama mtu anayekaribia kuhutubia mkutano mkuu.

"Ndugu Asheri, sisi hatukuweza wote kupanda mlima. Wengine magoti, kama mimi. Wengine zamu shambani. Lakini tulikaa tukasema, hivi kweli mwenzetu apatwe na msiba, arudi akute kazi zake zimelala? Mama Asnath, Mungu amrehemu, yeye ndiye aliyetufundisha msaragambo wenu wa Kipare. Huyu Hedwiga alipofiwa na mumewe, nani aliyepiga pembe? Nani aliyetukusanya wote tukalilima shamba lote la mahindi kwa pamoja?"

"Raheli," Hedwiga alidakia. "Tulikuwa hatulijui hata hilo neno. Mimi nilidhani ananiitia mkutano wa chama."

Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani kinachoomba ruhusa.

"Kwa hiyo jana na leo," Mzee Hamisi aliendelea, "tumekufanyia msaragambo. Shamba lako tumelipalilia. Na kazi yako nyingine, ile ya serikali, nayo hatukuiacha. Njoo uone mwenyewe."

Wakamwongoza mpaka kwenye uzio wa kituo, nao walikuwa na furaha iliyojizuia, kama watu wanaompelekea mtu zawadi iliyofunikwa. Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka umeng'aa. Asheri akasimama.

Kipimamvua kilikuwa kimeezekwa. Juu yake, kwenye fito za mkonge, lilikaa paa dogo la nyasi lililosukwa kwa ustadi, lenye kilele kama la kihenge. Hakuna tone ambalo lingeingia humo hadi mwaka ule uishe. Na kile kibanda cheupe cha vipimajoto, ambacho vibao vyake viliachiwa nafasi makusudi, kilikuwa kimekandikwa udongo pande zote na kusiribwa kwa mkono laini wa mwanamke.

"Paa ni la Hamisi mwenyewe," Hedwiga alisema. "Sisi wanawake tumekandika. Kile kibanda kilikuwa kinapitisha upepo, baba, aibu! Mashine ya serikali imekaa kama kuku kwenye tenga."

"Chombo cha thamani kama kile kinanyeshewa miaka yote," Mzee Hamisi alisema, "na mwenyewe ulivyo na adabu, huombi msaada. Tukasema, basi."

Asheri alilitazama paa. Alijua kwamba mtu angepaswa kucheka hapo au kukasirika, na alitafuta ndani yake moja kati ya hayo mawili, akakosa yote. Aliona tu kwamba kazi ilikuwa safi. Mvua ya leo, kama ingeshuka mpaka huku, isingeandikwa. Alifungua mdomo ili ashukuru, kwa sababu kushukuru kulikuwa wajibu, na neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Boya je?"

Uso wa Mzee Hamisi ukachanua. Hapo ndipo alipokuwa akingojea kuulizwa.

"Boya! Hilo ndilo tuliloanza nalo. Tulilikuta limelala mchangani, mkono wake umelegea, linacheza huku na huku ukiligusa. Nikawaambia hawa, maji yakija leo yanalichukua hili, na mwenzetu atadaiwa na serikali akiwa msibani. Tukalifunga. Kamba ya katani mpya, nimeisokota mimi, fundo la kufungia marobota ya mkonge. Ndugu yangu, hata Mto Pangani uhamie hapa, hauling'oi."

Asheri aligeuka akatazama mlima. Juu ya Suji wingu lilikuwa limekaa jeusi, limeshuka mpaka mabegani mwa milima.

"Basi la Tanga limepita?"

"Bado," alijibu Hedwiga. "Leo limechelewa. Kwani nini, baba Asnath? Mbona hivyo?"

"Asnath yumo ndani yake. Boya lisipoinuka, taa haiwaki." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja saa. "Mlimani maji yameshajaa. Mzee Hamisi, simama barabarani upande huu, uzuie kila gari. Mtu asithubutu kuvuka kwenda ng'ambo, maji yatamkuta katikati. Hedwiga, nipe panga."

Mzee Hamisi akaanza kwenda, akageuka. "Ala! Kwani lile si la kupimia... Ndugu Asheri, mbona hukutuambia?"

Swali hilo lilikuwa la haki, lakini halikumsimamisha Asheri. Tayari alikuwa amelichukua panga na kuanza kukimbia ukingoni mwa korongo, mtu mzima mwenye koti la kanisani, viatu vya ngozi vikimteleza, na nyuma yake Hedwiga akimfuata huku amekunja khanga mkononi.

Alikimbia bila kuhisi mbio. Miiba ya migunga ilimkwaruza, akaiona inavyomkwaruza. Alitazama miguu yake ikipanda na kushuka, akashangaa kwa mbali kwamba ni yake. Kilichokuwa wazi kichwani kilikuwa ile kona ya upande wa Korogwe: barabara inapoteremka kwa kasi, na dereva, asipoiona taa nyekundu pale juu, huachia gari lijiendee mpaka kwenye zege. Na kwenye kiti fulani, karibu na dirisha kama alivyopenda tangu utoto, mtoto wake anayedhani anakwenda kumuuguza mama.

Aliusikia mngurumo kabla hajaifikia nguzo. Ulikuwa kama wa malori mengi yanayoshuka mlima kwa gia ndogo, nao ulitoka kwenye bonde lililopinda, mahali ambapo macho hayakufika. Mchanga mbele yake ulikuwa bado mkavu. Boya lilikuwa pale, limekumbatishwa nguzo kwa kamba mpya nyeupe, imezungushwa na kuzungushwa, na fundo lake limekazwa kama la watu wanaojua kazi. Alishuka korongoni.

"Baba Asnath, yanakuja!" Hedwiga alipiga kelele kutoka ukingoni. "Nayasikia! Toka huko!"

Alipiga panga kwenye katani. Panga lilikuwa limechoka kwa palizi ya siku mbili, likaruka. Akapiga tena, akakata kama anayekeketa nyama, uzi mmoja baada ya mwingine, na kamba haikuwa na haraka. Ilipoachia mzunguko wa mwisho, boya lilianguka mchangani na mkono wa chuma ukalegea, kama ulivyotengenezwa ulegee.

Hapo akili yake ikamwambia jambo rahisi. Maji yakifika hapa ndiyo yatakayoliinua boya; lakini basi laweza kuwa karibu kuliko maji. Haikuwapo sababu ya kungoja. Akaingiza mikono yake chini ya boya, akalinyanyua mpaka kifuani, mpaka mabegani, mkono wa chuma ukapanda, na kwenye sanduku la nguzo akasikia mlio mdogo wa chuma kugusa chuma. Akasimama hivyo, amelibeba.

Taa hakuweza kuziona. Zilikuwa kule chini, nyuma ya miti. Hakujua kama betri ina nguvu, kama waya hazikukatwa na majembe ya wema wa jirani zake. Alijua tu kwamba akilishusha, kama zilikuwa zimewaka zitazimika.

Maji yalitokea pale korongo lilipopinda. Hayakuwa marefu mwanzoni. Yalikuja kama ulimi wenye povu, yakisukuma majani makavu, na nyuma ya ulimi ule ndipo lilipokuja tumbo lenyewe, jekundu, linalogeuza mawe. Yalimfika kwenye vifundo, yakamfika magotini. Hedwiga alikuwa akimwita sasa kwa jina lake, Asheri, Asheri, jambo ambalo mwanamke wa kijiji kile hakuwahi kumfanyia. Alimsikia. Alifikiri kwamba ni sauti nzuri, na kwamba hakuna kinachomlazimu kwenda popote. Hapa pana kazi moja, nayo inafanyika. Nyumba ile kando ya barabara haina mtu.

Kisha uzito ukapungua mikononi mwake. Maji yalikuwa yamelifikia boya. Yalilishika kwa chini, yakalipima, yakalichukua. Asheri alibaki ameinua mikono, haina kitu cha kubeba.

Hedwiga alishuka majini mpaka kiunoni. Alimrushia khanga, akaishika ncha moja mwenyewe, mguu wake umekwama kwenye mzizi.

"Kamata! Kamata hii, we baba! Unataka nimwambie mtoto wa Raheli nini?"

Akakamata. Alivutwa, akatambaa, akaangukia ukingoni juu ya nyasi, na maji yakapita pale aliposimama yakiwa na gogo zima la mti. Hedwiga alikaa karibu yake akihema, akamtazama miguuni.

"Viatu vyako," alisema, "kimoja kimekwenda."

"Nimeona."

Waliporudi barabarani walikuta taa ya upande wa Same inawaka, nyekundu katika mwanga wa jua, na Mzee Hamisi amesimama chini yake katikati ya njia, ametandaza mikono yote miwili ingawa hapakuwa na gari la kuzuia. Drifti haikuonekana. Korongo lilikuwa limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Na ng'ambo, pale mteremko unapoishia, basi lilikuwa limesimama kwa mshazari, magurudumu yake ya mbele yameingia kwenye changarawe iliyolowa. Nyuma yake, kutoka kwenye kona hadi lilipokuwa, palikuwa na alama mbili ndefu za breki.

Abiria walikuwa wameshuka. Walisimama wamejipanga ukingoni, wakinyoosha vidole na kupiga mayowe ambayo mngurumo uliyameza. Asheri alimtambua Asnath kwa namna anavyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja kama mama yake. Alikuwa na kikapu. Alimwona baba yake, akainua mkono, akasema kitu, akaweka mikono mdomoni akakisema tena. Hakikufika. Asheri naye akainua mkono tu. Kupaza sauti kungekuwa ni kumtumia telegramu ya pili.

"Mwambie angoje," Mzee Hamisi alisema, sauti imemkauka. "Ndugu Asheri, sijui niseme nini. Tulitaka kukusaidia. Wallahi, tulitaka kukusaidia."

"Najua."

"Ungetukaripia basi. Ungetukaripia ningelala."

"Kesho," Asheri alisema, "waite wote. Nitawaonyesha kila chombo na kazi yake. Ilinipasa kufanya hivyo tangu mwanzo."

Wakangoja. Ng'ambo watu walikaa juu ya mizigo, wakachoka kupiga mayowe, wakaanza kula. Asnath hakukaa. Alisimama pale pale, na baba yake akasimama pale pale, na katikati yao maji yakapita na vitu vya mlimani: migomba, kapu, mlango wa zizi. Taratibu rangi ikafifia, mawe yakaanza kuonekana, kisha ukingo wa zege. Kijana mmoja wa ng'ambo alikunja suruali ili avuke, na Asheri akamnyooshea kidole kwa ukali hata kijana akarudi nyuma. Taa ilikuwa inawaka bado.

Ilipozimika, ilizimika yenyewe. Asheri akaingia kwenye drifti, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akakanyaga tope jembamba lililobaki juu ya zege. Asnath naye akaingia kutoka kwake, ameinua kikapu kichwani. Nyuma yake dereva alikuwa amewasha injini na kutoa kichwa dirishani.

"Mzee wa taa!" alipiga kelele. "Leo umetuchezea! Nimepita ile taa imezima, naiona inawaka kwenye kioo cha pembeni, tayari naingia kona! Tairi limeingia majini, nakuambia!"

Asheri alikuwa akimtazama Asnath. Mtoto wake alikuwa ameshafika mbele yake.

"Shikamoo, baba. Mbona umelowa hivyo? Nimemletea mama machenza ya Muheza. Anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu," Asheri alisema. "Mama yako alifariki Ijumaa. Tumemzika Jumapili, nyumbani."

Asnath alimtazama kama ambaye hajasikia, ingawa sasa mngurumo wa maji ulikuwa umekwisha.

"Telegramu ilisema mgonjwa."

"Ilisema uongo. Niliukubali mimi."

Dereva akapiga honi. Asnath akashusha kikapu, akakiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba humo mna mayai.

"Alisema nini?" aliuliza. "Mwishoni. Alisema kitu?"

"Aliuliza kama basi la Jumanne, lile unalojia siku zote, limeshapita. Nikamwambia leo ni Ijumaa. Akasema, basi bado."

Asnath alikaa chini katikati ya drifti, kwenye tope, nguo yake nzuri ya safari ikienea juu ya zege, akajishika kichwa na kulia kwa sauti iliyofika kingo zote mbili. Asheri alisimama juu yake. Mikono yake hakujua aipeleke wapi. Aliinama, akaiweka juu ya kichwa cha mtoto, akaiacha hapo. Nyuma honi ililia tena, ndefu, kisha abiria mmoja mwanamke akasema jambo kwa ukali, na dereva akazima injini.